Je, maji ya uzazi yanaweza kutabiri kama mtoto atapumua vizuri?

Swali: Daktari, pole na kazi. Nina kisukari tangu kabla ya ujauzito, na sasa nimefikisha wiki 35. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa njiti wa wiki 33 na akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Nimesoma kwamba maji ya uzazi yakivutwa kwa sindano na kupimwa kemikali zake, inajulikana mapema kama mapafu ya mtoto yamekomaa, na kwamba uwiano ukifika 2 basi mtoto yuko salama. Daktari wangu wa kliniki anasema kipimo hicho hakitumiki tena. Kwa nini kiachwe, ikiwa kinaweza kumwokoa mtoto?

Jibu: Mama, ulichosoma kina ukweli. Kipimo hicho kipo, msingi wake wa kisayansi ni imara, na kwa miongo kadhaa kiliwasaidia madaktari kuamua siku ya kumzalisha mama. Lakini swali kinacholijibu ni dogo kuliko swali ulilo nalo. Wewe unauliza kama mtoto wako atapumua vizuri. Kipimo hujibu tu kama mapafu yake yameanza kutoa dutu moja kwa kiasi cha kutosha. Maswali hayo mawili yanakaribiana, lakini hayafanani, na kwa mama mwenye kisukari tofauti hiyo huwa kubwa zaidi. Naomba uvumilivu wako nieleze kwa urefu, kwa sababu ukielewa kipimo kinaona nini na hakioni nini, utaelewa pia kwa nini daktari wako alijibu alivyojibu.

Mapafu ya mtoto aliye tumboni hayana hewa. Yamejaa majimaji ambayo mapafu yenyewe huyatengeneza, na kazi yote ya kubadilishana hewa hufanywa na kondo la nyuma. Anapozaliwa, hewa inapaswa kuingia kwenye vifuko vidogo vilivyo mwishoni mwa njia za hewa, na kuta za vifuko hivyo zimelowa. Maji yana nguvu ya kujivuta kwenye uso wake, na nguvu hiyo hukifanya kifuko kidogo kitake kujifunga kila mtoto anapotoa pumzi. Kinachoipunguza ni safaktanti, mchanganyiko ambao takriban asilimia 90 ni mafuta ya aina mbalimbali na asilimia 10 ni protini, unaotandaa juu ya utando huo wa maji. Mtoto asiye na safaktanti ya kutosha hulazimika kuvifungua upya vifuko vyake kwa kila pumzi. Huguna anapotoa hewa, pua hutanuka, kifua hubonyea chini ya mbavu, na baada ya saa chache huanza kuchoka. Huo ndio ugonjwa wa shida ya kupumua unaowapata zaidi watoto njiti, na huenda ndio uliompata mtoto wako wa kwanza.

Chanzo chake kilijulikana mwaka 1959, wakati Mary Ellen Avery na Jere Mead, huko Boston, walipoonyesha kwamba mapafu ya watoto waliofariki kwa ugonjwa huu yalikosa dutu hiyo ya kupunguza mvutano. Kujua chanzo hakukuleta tiba mara moja. Mwezi Agosti 1963 mtoto wa Rais wa Marekani, Patrick Bouvier Kennedy, alizaliwa kabla ya wakati akiwa na zaidi kidogo ya kilo 2, akafariki siku mbili baadaye kwa ugonjwa huohuo, ingawa familia yake ingeweza kupata kila kilichokuwepo. Nalitaja tukio hilo kwa sababu linaeleza kiu ya wakati ule: kama tiba haipo, basi angalau ijulikane mapema nani yuko hatarini, ili asizaliwe kabla ya kuwa tayari.

Hapo ndipo maji ya uzazi yalipoingia. Mtoto hufanya mazoezi ya kupumua akiwa tumboni, na majimaji ya mapafu yake hupanda hadi kooni. Mengine huyameza, mengine hutoka na kuchanganyika na maji ya uzazi. Kwa hiyo safaktanti inayotengenezwa kifuani huacha alama yake nje ya mwili wa mtoto, mahali ambapo sindano inaweza kufika bila kumgusa. Mwaka 1971 Louis Gluck na wenzake nchini Marekani walichapisha njia ya kuisoma alama hiyo, nayo ndiyo iliyozaa namba 2 uliyokutana nayo.

Njia yao ilitatua tatizo ambalo si rahisi kuliona. Kiasi cha maji ya uzazi hutofautiana sana kati ya mama na mama, na hata kwa mama mmoja kati ya wiki na wiki. Ukipima tu kiasi cha lesithini, ambayo ndiyo mafuta makuu ya safaktanti, utaipata chache kwa mama mwenye maji mengi na nyingi kwa mama mwenye maji machache, hata kama mapafu ya watoto wao yamekomaa sawasawa. Gluck alitumia mafuta mengine, sfingomielini, ambayo pia yamo kwenye maji hayo lakini hayapandi pamoja na ukomavu wa mapafu. Yote mawili huchanganyika na maji yaleyale, hivyo ukigawanya moja kwa jingine athari ya wingi wa maji huondoka. Kwenye wiki ya 32 hivi uwiano wa lesithini na sfingomielini huwa karibu 1. Kisha lesithini hupanda kwa kasi, na karibu na wiki ya 35 uwiano hufikia 2 katika mimba nyingi. Ukifika hapo, uwezekano wa mtoto kupata ugonjwa wa upungufu wa safaktanti huwa mdogo sana.

Ni kazi nzuri ya kisayansi, nami bado naiheshimu. Lakini inafaa ujue inavyofanyika, maana udhaifu wake mwingi hutokea mezani pa maabara. Sampuli huzungushwa kwenye mashine ili seli zitue chini. Ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi, safaktanti nayo hutua na matokeo hushuka. Mafuta hutolewa kwa viyeyushi, lesithini iliyo hai kikazi hutenganishwa kwa asetoni baridi, kisha mafuta hutandazwa kwenye bamba la kromatografia, yaani bamba linalotenganisha kila aina ya mafuta kuwa doa lake, na madoa hayo kupimwa. Huchukua saa kadhaa na huhitaji mkono uliozoea. Damu ikiingia kwenye sampuli, mafuta ya damu, ambayo uwiano wake wenyewe ni kati ya 1 na 2, huvuta matokeo kuelekea huko: mapafu yaliyokomaa huonekana machanga kuliko yalivyo, na machanga huonekana yameendelea kuliko yalivyo. Kinyesi cha kwanza cha mtoto kikichanganyika na maji, hali huwa mbaya vilevile.

Kwa sababu hiyo zilitafutwa njia nyingine. John Clements, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya safaktanti, alitoa mwaka 1972 kipimo ambacho hata chumba kidogo cha maabara kingeweza kukifanya: maji ya uzazi yaliyozimuliwa kwa viwango mbalimbali huchanganywa na ethanoli, aina ya alkoholi, ndani ya mirija, hutikiswa kwa sekunde 15, kisha huachwa kwa dakika 15. Ethanoli huzuia mapovu yanayosababishwa na protini na vitu vingine, kwa hiyo pete ya mapovu ikibaki imekamilika kuzunguka ukingo wa mrija, ni safaktanti inayoyashikilia. Baadaye zikaja mashine zilizotumia mwanga kulinganisha safaktanti na albumini, protini iliyomo kwenye maji hayo, ambapo miligramu 55 au zaidi kwa kila gramu ya albumini ilihesabiwa kuwa ukomavu. Mtengenezaji wa kipimo hicho alikisitisha. Kuna pia njia ya kuhesabu vifurushi vidogo vyenye matabaka ambamo seli za mapafu hufungasha safaktanti kabla ya kuimwaga. Vifurushi hivyo vina ukubwa unaokaribiana na ule wa chembe sahani za damu, hivyo mashine ya kawaida ya kuhesabu damu huweza kuvihesabu kwa dakika chache: zaidi ya 50,000 kwa kila mikrolita huashiria ukomavu, chini ya 15,000 huashiria uchanga, na katikati hakuna jibu la uhakika. Vipimo vya zamani zaidi, kama vile kreatinini au seli zenye mafuta kwenye maji ya uzazi, vilipima umri wa figo na ngozi ya mtoto, na kwa mapafu vilikuwa ni kukisia tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililopaswa kuelezwa kwa akina mama tangu mwanzo. Vipimo hivi vyote vina uzito usio sawa pande zake mbili. Vikisema mapafu yamekomaa, mara nyingi husema kweli. Vikisema hayajakomaa, mara nyingi hukosea. Tuchukue hesabu ya mfano tu, isiyo matokeo ya utafiti wowote. Tuseme kipimo huwatambua watoto 9 kati ya kila 10 watakaougua, na huwatia shaka kimakosa watoto 2 kati ya kila 10 wazima. Kwenye umri ambao watoto 200 kati ya 1,000 wangeugua, kipimo kingetoa jibu la "hayajakomaa" kwa watoto 340, na 180 kati yao, zaidi kidogo ya nusu, wangeugua kweli. Kwenye umri ambao ni watoto 20 tu kati ya 1,000 wangeugua, kipimo hichohicho kingetoa jibu hilohilo kwa watoto 214, na 18 tu ndio wangeugua. Maabara ni ileile, sindano ni ileile, namba iliyoandikwa kwenye karatasi ni ileile, lakini maana yake imebadilika kutoka hatari ya nusu kwa nusu hadi chini ya mmoja kati ya kumi. Kilichobadilika ni umri wa mimba. Ndiyo maana uwiano wa 1.8 hauwezi kusomwa peke yake bila kujua umefika wiki ya ngapi, na ndiyo maana mimba iliyopimwa kwa ultrasaundi mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, tayari inabeba sehemu kubwa ya taarifa ambayo sindano ingetafuta.

Kisukari chako kinaongeza jambo jingine. Sukari ya mama ikipanda, huvuka kondo la nyuma na kumfanya mtoto atoe insulini nyingi, na insulini hiyo huzuia seli za mapafu kukamilisha utengenezaji wa safaktanti. Kinachochelewa zaidi ni fosfatidiligliseroli, mafuta ambayo kwa kawaida huonekana kwenye maji ya uzazi karibu na wiki ya 35 au 36 na ambayo kuonekana kwake ni dalili ya ukomavu wa mwisho. Walionekana watoto wa akina mama wenye kisukari waliougua ingawa uwiano wao ulikuwa umefika 2, hivyo maabara nyingi zikawa zinadai fosfatidiligliseroli ionekane kwanza kabla ya kusema mtoto wa mama mwenye kisukari yuko tayari. Faida yake ni kwamba hata damu au kinyesi cha mtoto haviyumbishi sana matokeo yake. Kwa hiyo ile namba uliyosoma, mama, ilikuwa dhaifu zaidi hasa kwa mtu wa hali yako. Habari njema ni kwamba kisukari kinapodhibitiwa vizuri muda wote wa ujauzito, ucheleweshaji huu hupungua sana. Kipimo chako cha sukari cha kila siku kinafanya kazi kubwa kwa mapafu ya mtoto kuliko sindano ya maji ya uzazi.

Kuna tena magonjwa ya kupumua ambayo kemia ya safaktanti haiyaoni kabisa. Lililo karibu zaidi nawe ni kupumua haraka kwa muda kunakotokana na majimaji kubaki mapafuni. Nilisema mapafu ya mtoto tumboni yamejaa majimaji. Yanapaswa kufyonzwa wakati wa kuzaliwa, na homoni za uchungu ndizo zinazoamsha njia za sodiamu kwenye seli za mapafu, ambazo huyavuta kurudi mwilini. Mtoto anayezaliwa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza hukosa sehemu ya msukumo huo, hasa kabla ya wiki ya 39, na kisukari cha mama huongeza hatari. Uwiano wake wa lesithini unaweza kuwa 3 na bado akapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika siku nzima. Vivyo hivyo nimonia, kuvuta kinyesi mapafuni, au shinikizo la damu la mapafu lisiloshuka baada ya kuzaliwa: hakuna hata moja lililoandikwa kwenye mafuta ya safaktanti.

Na hata pale mapafu yanapokuwa yamekomaa kweli, mtoto si mapafu peke yake. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha watoto waliozaliwa wiki ya 36 hadi 38, baada ya maji ya uzazi kuthibitisha ukomavu wa mapafu, na watoto waliozaliwa wiki ya 39 au 40. Wale wa kundi la kwanza walipata matatizo zaidi, yakiwemo ya kupumua, manjano na kushuka kwa sukari, licha ya cheti chao kizuri cha maabara. Matokeo ya aina hiyo ndiyo yaliyokiondolea kipimo nafasi yake. Kama kuna sababu ya kitiba ya kumzalisha mama mapema, jibu la "hayajakomaa" halitaiondoa sababu hiyo. Na kama hakuna sababu, jibu la "yamekomaa" haliiumbi. Chuo cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Marekani sasa kinashauri kwamba maji ya uzazi yasivutwe ili kuamua siku ya kuzaa, hata pale umri wa mimba usipojulikana vizuri. Sindano yenyewe, ingawa hatari zake ni chache, huweza kupasua chupa, kuvujisha damu au kuanzisha uchungu, na si sawa kumwingiza mama kwenye hatari hiyo kwa jibu lisilobadilisha hatua inayofuata.

Jambo lililobadilika zaidi, hata hivyo, ni kwamba sasa kuna la kufanya. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama anayetarajiwa kujifungua mapema akichomwa sindano za steroidi, mapafu ya mtoto huharakishwa kukomaa. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake wa Japani waliripoti watoto njiti 10 waliowekewa safaktanti moja kwa moja mapafuni na hali zao zikaboreka. Mashine za kusukuma hewa yenye shinikizo dogo kupitia puani, ambazo huzuia vifuko kujifunga, zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2020, lililofanywa Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani kwa akina mama wenye mimba ya wiki 26 hadi kabla ya 34, lilionyesha kwamba deksamethasoni, moja ya steroidi hizo, ilipunguza vifo vya watoto wachanga kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Hakuna aliyehitaji kupima maji ya uzazi ili kuitoa dawa hiyo. Umri wa mimba na dalili za kujifungua vilitosha.

Wewe umekwisha vuka wiki 34, na hapa naomba usome kwa makini. Kuna jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2016 lililotoa betamethasoni, steroidi nyingine, kati ya wiki 34 na wiki 36 na siku 5, na matatizo ya kupumua yakapungua kutoka asilimia 14.4 hadi 11.6, lakini watoto ambao sukari yao ya damu ilishuka waliongezeka kutoka asilimia 15 hadi 24, na akina mama waliokuwa na kisukari kabla ya ujauzito, kama wewe, hawakuhusishwa. Mtoto wa mama mwenye kisukari tayari yuko kwenye hatari ya kushuka sukari baada ya kuzaliwa, na steroidi hupandisha sukari ya mama kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usishangae daktari wako akisita kukupa sindano hizo sasa; ana sababu ya haki, na mimi mwenyewe ningesita.

Kuhusu siku ya kuzaa, miongozo haifanani kabisa. Ya Uingereza inapendekeza mama mwenye kisukari cha kabla ya ujauzito, asiye na tatizo jingine, ajifungue kati ya wiki 37 na wiki 38 na siku 6. Ya Marekani inaruhusu kusubiri hadi wiki ya 39 ikiwa sukari imedhibitiwa vizuri, na inashusha umri huo kama kuna matatizo ya mishipa, sukari isiyotulia au mtoto aliyewahi kufia tumboni. Mpelekee daktari wako maswali haya badala ya lile la uwiano: umri wa mimba yangu ulithibitishwa kwa ultrasaundi ya wiki ya ngapi, na una uhakika kiasi gani? Sukari yangu ya wiki nne zilizopita inasemaje kuhusu siku ya kuzaa? Je, kuna sababu ya upasuaji kabla ya uchungu, au tunaweza kungoja? Na hospitali nitakayojifungulia ina mashine ya hewa ya puani kwa watoto wachanga, ina safaktanti, na itampima mtoto sukari ndani ya saa za mwanzo?

Kemia yenyewe haijafa. Imehamia upande wa pili wa kuzaliwa. Majimaji yaliyomo tumboni mwa mtoto mara tu anapozaliwa ni yaleyale ya mapafu na ya uzazi aliyoyameza, na huvutwa kwa mrija mwembamba bila kumchoma mama sindano. Watafiti, hasa wa Denmark, wamekuwa wakiyapima kwa kuhesabu vifurushi vya safaktanti na kwa mwanga wa infraredi, ili njiti mdogo sana ajulikane mapema kama atahitaji safaktanti kabla hajaanza kuchoka. Huko uamuzi unaongojea jibu upo na ni wa dakika hizohizo, jambo ambalo kipimo cha kabla ya kuzaa kilikuwa kimelipoteza.

Mtoto wako akizaliwa, dalili za kuangalia ni zile nilizozitaja: kuguna, pua kutanuka, kifua kubonyea, kupumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, na midomo au ulimi kugeuka bluu. Mara nyingi huanza ndani ya saa za mwanzo, na hata moja tu inatosha kumwita mkunga au muuguzi papo hapo.